Nanyanyua kilo 140, lakini kuinuka sakafuni kunanishinda: niache vyuma?

Ndugu Mshauri,

Nina miaka 46, baba wa watoto wawili, na kazi yangu ni ya mezani, kutwa nimekaa. Kwa miaka minane sasa napiga vyuma siku nne kwa wiki, mimi na rafiki yangu mmoja, jimu ileile, saa ileile. Sijisifu, ila nimefika mbali: kutoka sakafuni nanyanyua kilo 140, kwenye benchi nasukuma 95, na ile mashine ya kusukuma kwa miguu nimeijaza hadi sahani zikaisha.

Miezi mitatu iliyopita mpira wa binti yangu wa miaka mitano uliingia uvunguni mwa kitanda. Nikashuka kuutoa. Kushuka nilishuka, kuinuka ndiko kulikonishinda. Nilishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, nikajivuta, goti likalia, nikasimama nimejikunja kama niliyebeba gunia. Mtoto alikuwa ananitazama muda wote. Akaniuliza, "Baba, nikuvute?" Hakuwa anatania. Mkono alikuwa ameshaunyoosha.

Tangu siku hiyo najichunguza. Nikichuchumaa, visigino vinanyanyuka. Nikivilazimisha vikae chini, naanguka kinyumenyume. Kufunga kamba za viatu natafuta kiti.

Nikajiunga na darasa la mazoezi ya mwendo wa asili: kutambaa, kuning'inia, kubingirika, kuruka, kubeba vitu, yote pekupeku. Mwalimu ni mtu mwema. Alinipima vifundo vya miguu ukutani (umbali wa kidole gumba na ukuta, goti likiugusa ukuta na kisigino kikiwa chini), kulia sentimita 9, kushoto 4. Huo wa kushoto niliutegua zamani nikicheza mpira, ukavimba wiki mbili, nikauacha upone wenyewe. Mwalimu anasema vyuma vimenifunga mwili na niviache kwa miezi sita. Nyumbani amenipa kazi ya kuchuchumaa jumla ya dakika 30 kila siku. Darasani tunatambaa kama dakika 10, kisha tunaruka; idadi sijawahi kuihesabu.

Wiki ya tatu vifundo vya mikono vikaanza kuuma. Goti la kushoto linauma kwa mbele nikishuka ngazi. Na nikiamka asubuhi, kano ya nyuma ya kisigino hichohicho cha kushoto inakaza kwa hatua kumi hivi za kwanza.

Rafiki yangu anasema mwili umeshanijibu. "Miaka minane ya jasho unaitupa ili ukatambae kama mtoto?" Darasa liko jioni zilezile za jimu. Ndoa yake ilivunjika mwaka jana, na najua saa zile mbili ndizo zinazomtoa ndani. Mke wangu naye anasema niache vyote nitembee tu.

Nikiviacha vyuma, naogopa kupoteza nguvu niliyoihangaikia, na pengine rafiki. Nisipoviacha, najiona nina miaka 60 na siwezi kuokota kitu kilichodondoka. Nichague lipi?

Mpiga Chuma


JIBU

Ndugu Mpiga Chuma,

Pole kwa maumivu, na ahsante kwa kuandika kwa vipimo. Wengi huandika "viungo vimekaza" wakaishia hapo. Wewe umenipa sentimita, upande na saa ya maumivu, na hayo yananisaidia kuliko unavyodhani.

Kama nimekuelewa vizuri, una mwili wenye nguvu nyingi katika mikao michache. Nje ya mikao hiyo nguvu hiyo haikufuati, na siku ulipoligundua hilo ulikuwa mbele ya mtoto wako. Umejaribu njia nyingine, nayo imekuumiza. Sasa watu watatu wanaokutakia mema wanakuvuta pande tatu. Umeniuliza uchague lipi. Niruhusu kwanza niyaguse mambo machache ambayo barua yako imeyachukulia kuwa yamekwisha thibitika.

La kwanza ni kwamba vyuma vimekufunga mwili. Kunyanyua uzito huku kiungo kikikunjuka na kukunjika mpaka mwisho wake huongeza wepesi wa viungo kwa kiasi kinachokaribia mazoezi ya kunyoosha. Utafiti uliolinganisha njia hizo mbili umeonyesha hivyo. Kwa hiyo chuma chenyewe sikioni kuwa mkosaji. Lakini nguvu hukua zaidi katika pembe zile unazozifanyia kazi, na hapo naomba tuyatazame mazoezi yako matatu kwa karibu. Unaponyanyua kutoka sakafuni, sahani kubwa za kawaida zina upana wa sentimita 45, kwa hiyo chuma kinakusubiri kwenye urefu wa sentimita 22 hivi. Nyonga inakunjika sana, goti kiasi, kifundo cha mguu karibu hakitembei. Kwenye benchi umelala, mguu hauna kazi. Kwenye mashine ya miguu kiti kimekushikia mgongo, na mara nyingi sahani zinapoongezeka magoti hushuka nusu ya njia tu (jikumbuke kwa ukweli hapo). Hakuna hata moja kati ya hayo matatu linaloutaka mguu mmoja uubebe mwili wakati mwingine unatafuta pa kukanyaga, kiuno kimejipinda na kisigino kiko chini. Kuinuka sakafuni ndiko huko hasa. Miaka minane hukukifanyia mazoezi kitendo kile kilichokushinda siku ile. Juu ya hapo, kutwa nzima kwenye kiti viungo vya nyonga na vifundo havifiki mwisho wa mwendo wake hata mara moja.

La pili ni vifundo vyako. Mwalimu alikupima, halafu sioni kama kipimo kile kilitumika. Wataalamu wengi wa viungo huridhika wakiona sentimita 10 au karibu na hapo, na tofauti ya zaidi ya sentimita 2 kati ya miguu huwafanya wauangalie ule mfupi peke yake. Wako wa kulia una 9, hauna neno. Wa kushoto una 4. Kila sentimita hapo ni takribani digrii tatu na nusu za kifundo, kwa hiyo mguu wako wa kushoto umepungukiwa na karibu digrii 17 ukilinganisha na mwenzake. Mtu wa namna hiyo akichuchumaa visigino vikiwa chini, goti la kushoto haliwezi kwenda mbele, uzito unabaki nyuma, anaanguka kinyumenyume. Akijizuia asianguke, kisigino kinanyanyuka au unyayo unalala kwa ndani, na mzigo unahamia mbele ya goti. Hilo ndilo goti linalokuuma kwenye ngazi. Mwalimu anasema mwili mzima umefungika. Mimi naona mguu mmoja uliowahi kuteguka ukaachwa, na mwili mzima ukijipanga kuuzunguka.

Jipime tena mwenyewe. Pekupeku, kidole gumba kikielekea ukutani, kisigino kimekaa chini kabisa, sukuma goti mbele liguse ukuta likiwa juu ya kidole cha pili. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo hadi sehemu ya mwisho ambapo goti bado linagusa na kisigino hakijanyanyuka, kisha pima kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani. Ukiwa pale mwisho, jisikilize: unachokisikia ni mvuto nyuma kwenye shavu la mguu, au ni kubanwa mbele, kwenye mkunjo wa kifundo? Mvuto wa nyuma ni msuli, nao huitikia mazoezi. Kubanwa kwa mbele ni kiungo chenyewe kinagota, na ukizidi kukilazimisha unakichokoza tu. Hapo tafuta mtaalamu wa fiziotherapia akishike kwa mikono yake kabla hujaendelea.

La tatu ni kwamba mwili "umeshanijibu". Ndiyo, umejibu, ila naona ulichojibu ni kiasi ulichopewa, wala si aina ya mazoezi. Msuli huzoea mzigo mpya ndani ya wiki chache. Kano huchukua miezi. Wewe ulitoka kwenye sifuri ukaenda dakika 30 za kuchuchumaa kila siku, juu ya kifundo cha sentimita 4. Ukaruka pekupeku, na viatu vingi vya kila siku humnyanyua mtu kisigino, kwa hiyo kano ya kisigino ikashtukia inavutwa kwa urefu isiouzoea na kwa kishindo. Vifundo vya mikono vikakunjwa digrii 90, mwili mzima ukiwa juu yake, dakika 10 mfululizo. Wewe usingempa mgeni wa jimu kilo 100 siku ya kwanza. Hizo dakika ndizo zilikuwa kilo 100 zako.

Mazoezi hayo yana namna ya kupunguzwa bila kuachwa. Kutambaa, anza na sekunde 20, pumzika, rudia mara nne. Magoti yawe sentimita 5 tu juu ya sakafu, mkono wa kulia uende pamoja na mguu wa kushoto, na makalio yarudi nyuma kidogo ili viganja visibebe kila kitu. Vikiuma bado, shika dambeli mbili sakafuni ili kifundo cha mkono kibaki kimenyooka. Kuchuchumaa, weka visigino juu ya ubao wa unene wa sentimita 2 au 3, kumbatia kifuani uzito wa kilo 5 hadi 8 ukuzuie usianguke nyuma, fungua miguu ipite upana wa mabega kidogo, kaa sekunde 30. Mara tano kwa siku zinatosha kuanzia. Usijilazimishe ufanane na wenzako darasani pia: kina cha tundu la nyonga na pembe ya shingo ya mfupa wa paja hutofautiana kati ya mtu na mtu, na wapo wenye afya kamili ambao miguu ikiwa karibu hawafiki chini hata wafanye nini. Kuruka kungoje mpaka asubuhi zako ziwe laini.

Ile kano inataka kazi ya polepole. Simama, nyanyua visigino vyote viwili kwa sekunde tatu, shusha kwa sekunde tatu, mara 12, seti tatu, siku moja ndiyo na inayofuata hapana. Bonyeza kwa kidole ujue panapouma. Kama ni chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa, usishushe kisigino chini ya ukingo wa ngazi, zoezi lifanyie sakafuni tambarare. Kama ni sentimita kadhaa juu ya hapo, kushusha chini ya ukingo huvumilika. Kipimo cha maumivu ni hiki: kati ya 0 na 10, yakifika 3 wakati wa zoezi na yakatulia kabla ya kesho yake, endelea. Asubuhi ikiamka mbaya kuliko jana, punguza theluthi moja.

Goti likivimba, likikwama lisinyooke, mguu ukifa ganzi, au ukisikia nyuma ya kisigino mlio wa ghafla kama umepigwa teke, acha na umwone daktari siku hiyohiyo.

Sasa njia zilizo mbele yako. Zote zinapitika, na kila moja ina gharama yake.

Ya mwalimu, kuacha vyuma miezi sita, inakupa muda na kichwa kitulivu. Hutakuwa na kilo za kulinda. Nguvu itapungua, hilo sikufichi, ingawa msuli uliowahi kujengwa hurudi upesi kuliko ulivyojengwa mara ya kwanza. Hatari ninayoiona zaidi ni nyingine: jioni nne zilizobaki wazi utazijaza kwa kutambaa na kuruka, na kano yako haijawa tayari. Tena hata hoja yenyewe ya kuacha uzito ina walakini. Georges Hébert, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa aliyezaliwa 1875 na ambaye mazoezi mengi ya mwendo wa asili yanatokana naye, aliyagawa katika makundi kumi: kutembea, kukimbia, kuruka, kwenda kwa mikono na miguu, kupanda, kusimama kwa mizani, kunyanyua, kurusha, kujilinda na kuogelea. Kunyanyua kumo. Muulize mwalimu wako kwa upole analionaje hilo.

Ya pili ni kupunguza vyuma. Nguvu iliyokwisha kupatikana ni rahisi kutunzwa: siku moja kwa wiki, hata seti moja au mbili kwa kila zoezi, huishikilia kwa miezi kadhaa ilimradi uzito wenyewe usishushwe. Kinachopunguzwa ni seti na siku, kilo zinabaki. Kwa umri wako, kama ukubwa wa misuli nao unakuuma moyoni, weka siku mbili. Shida ya njia hii ni kwamba wenye bidii hawajui kupunguza. Wanaongeza darasa juu ya jimu ileile, halafu wanashangaa kano hazitulii. Je, wewe unaweza kutoka jimu baada ya seti mbili, rafiki yako akiwa bado anaongeza sahani? Hilo unalijua wewe.

Ya tatu ni kubaki jimu na kubadilisha unachokifanya humo. Badala ya mashine, chuchumaa na uzito kifuani juu ya ule ubao. Beba kwa mkono mmoja kitu cha kama robo ya uzito wako, tembea mita 20 bila kuegemea upande, badilisha mkono. Ning'inia kwenye bomba sekunde 15, mara nne. Na ufanye kile kilichokushinda, kama zoezi lenye seti zake. Hili nalieleza polepole.

Kaa sakafuni, muundi wa mguu mmoja ukiwa mbele yako umelala, mguu mwingine umekunjwa ubavuni. Inamisha kifua juu ya ule muundi wa mbele mpaka makalio yawe mepesi, kisha yanyanyue na uzunguke upige magoti. Leta unyayo mmoja mbele, mbali kiasi kwamba goti lisipite vidole. Wengi huuweka karibu mno, kisigino kikanyanyuka, nguvu ikakosa pa kushika. Hamishia uzito wote juu ya unyayo huo kabla hujasukuma. Ukisukuma kabla uzito haujafika, mkono utakimbilia paja au kitanda. Simama. Kurudi chini, pita njia ileile, polepole kuliko ulivyopanda, kwa sababu kushuka ndiko kunakojenga. Anza mkono ukiwa juu ya kiti. Ukizoea, tumia kigoda. Halafu mkono utupu. Halafu na dambeli ya kilo 4 kifuani. Mara tatu kila upande, goti likiwa juu ya taulo iliyokunjwa. Wa kushoto uutangulize mbele zamu zote za mwanzo, wakati bado hujachoka.

Njia hii inamfaa asiyetaka kumwacha rafiki, ila ina mitego miwili: ni rahisi kurudi kwenye benchi wiki ya pili, na kuonekana na dambeli ya kilo 4 mahali watu wanapokujua kwa kilo 140 kunauma kwa namna yake. Sikudharau kwa hilo.

Ya mkeo usiitupe haraka. Kutembea wiki mbili tatu kutaipumzisha kano na ni kuzuri kwa moyo. Lakini hatua ya kawaida hukikunja kifundo takribani digrii 10 tu, na haikushushi sakafuni. Kwa lile lililokufanya uandike, peke yake haitoshi.

Huenda ukakutana na kipimo cha kukaa na kuinuka bila mikono, kilichoelezwa na daktari Claudio Gil Araújo wa Brazili na wenzake mwaka 2012. Mtu anapewa alama 10, anapunguziwa moja kila anapojishikiza kwa mkono au goti, na nusu akiyumba. Waliopata alama chache walikufa zaidi katika miaka iliyofuata. Usijitishe nacho. Waliopimwa walikuwa na miaka 51 hadi 80, na alama ndogo mara nyingi huonyesha ugonjwa au udhaifu uliokwisha kuwapo. Hakisemi kifundo chako cha kushoto kinakupunguzia siku.

Kuhusu rafiki yako, umeandika kana kwamba mazoezi ndiyo yanayowaunganisha. Yawezekana. Yawezekana pia anachokihitaji ni saa mbili na mtu anayemjali, na asingehesabu seti zako. Umewahi kumweleza habari ya mkono wa binti yako, au umemwambia tu kwamba unajiunga na darasa? Mtu anayesikia "naacha vyuma" wakati ndoa yake imevunjika mwaka jana tu anaweza kusikia neno jingine kabisa. Mwombe akushikie saa unapofanya zile zamu za sakafuni. Mwombe ajaribu na yeye, mara moja, bila mikono. Mwenye miaka minane ya vyuma vilevile yumkini ana sakafu yake pia. Jioni moja ya wiki ikibaki yenu hata iweje, huenda ikamtosha. Hilo atakujibu yeye kuliko mimi.

Huna haja ya kuamua wiki hii. Kano ikae wiki tatu na kazi ya polepole, ubao uwe chini ya visigino, kilo za vyuma zibaki palepale kwa seti chache. Kisha pima tena vifundo vyote viwili, saa ileile ya siku, na uniandikie namba. Niambie na lile nililokuuliza: ukiwa mwisho wa mwendo, mguu wa kushoto unavuta nyuma au unabana mbele?

Mshauri